GAZETI LA BURE HOTELINI: NANI HULIPA?

Swali la wiki hii ni dogo kwa sura, lakini lina fedha ndani yake. Je, hoteli za kitalii za pwani ziwape wageni magazeti bila malipo? Jibu letu ni ndiyo, kwa mgeni anayeliomba, na hoteli imlipe mchapishaji bei ya haki. Kutupa nakala mlangoni pa kila chumba ni hasara kwa hoteli, na humpotosha mwenye hisa za gazeti.

Tuanze na hoteli. Tuseme iko Diani, ina vyumba 150, na kwa wastani vyumba 100 vina wageni. Nakala moja kwa kila chumba ni nakala 36,500 kwa mwaka. Hata ikipewa bei ya jumla ya shilingi 40 za Kenya, hizo ni shilingi 1,460,000.

Fedha hizo zinaleta nini? Mgeni wa mapumziko si mgeni wa kikazi. Mtaliano aliyefikia Malindi hakuja kusoma hoja za wabunge, tena kwa lugha ambayo huenda haijui. Asubuhi yuko ufukweni, na gazeti linabaki limekunjwa vilevile. Kule Unguja hali ni ngumu zaidi: gazeti lililochapwa Dar es Salaam lazima livuke bahari, kisha lipande gari hadi Nungwi. Likifika, simu imekwisha kumpa mgeni habari.

Hata hivyo, wako wanaolitaka: washiriki wa semina, familia za Nairobi na Dar es Salaam wakati wa sikukuu, na wafanyabiashara wanaofuatilia bei za hisa. Kumwambia mteja aliyelipia vyumba viwili kwa wiki nzima akanunue gazeti mwenyewe ni ubahili usio na maana. Nakala 15 mapokezi na nyingine tano kwenye ukumbi wa chakula zinatosha. Hiyo ni moja ya tano tu ya gharama ya awali.

Marekani wamekwisha kupita njia hii. Mwaka 2009 kampuni ya Marriott iliacha kupeleka gazeti kwa kila chumba bila kuombwa, ikakadiria kuwa nakala zingepungua kwa 50,000 hivi kila siku. Gazeti la USA Today, lililotegemea sana hoteli, lilionja uchungu. Kati ya Aprili na Septemba mwaka huo mauzo yake yalishuka kwa takriban asilimia 17, hadi nakala zipatazo milioni 1.9. Kupungua kwa wasafiri kulichangia, lakini uamuzi wa hoteli nao ulitajwa. Wall Street Journal likachukua nafasi ya kwanza.

Hapo ndipo mwekezaji mdogo anapoguswa. Nation Media Group iliingia Soko la Hisa la Nairobi mwaka 1973, na TPS Eastern Africa, yenye hoteli za Serena, ikafuata mwaka 1997. Kwa hiyo mtu mmoja anaweza kuwa na hisa za gazeti na za hoteli kwa pamoja. Akiwa na za hoteli, gazeti la bure ni gharama. Akiwa na za gazeti, ni mauzo, lakini mauzo ya aina gani? Mtu anayetoa shilingi zake kwa muuzaji wa kando ya barabara amechagua gazeti hilo, na kesho atarudi. Nakala za hoteli huchaguliwa na meneja mmoja, kwa bei ya punguzo, naye anaweza kuzifuta kwa barua moja. Nakala hizo zikichanganywa na za barabarani katika hesabu moja, mtangazaji hulipia wasomaji wasiokuwapo, na mwenye hisa hujipa matumaini ya bure.

Ushauri wetu ni huu. Meneja wa hoteli amuulize mgeni anapoandikishwa: gazeti, ndiyo au hapana? Mchapishaji asigawe nakala bure ili kupandisha tarakimu. Nawe mwenye hisa, ukihudhuria mkutano mkuu wa mwaka, simama uulize: kati ya nakala zilizouzwa, ngapi zilinunuliwa na msomaji mwenyewe? Jibu likichelewa, fikiri mara mbili kabla ya kuongeza hisa.