Kuta zinalinda data, nani anamlinda mwenye data?

Mjini San Antonio, Texas, kampuni ya Sony ilikuwa na kiwanda cha chipu za kompyuta. Kilipofungwa, shirika la ujasusi la Marekani, NSA, lilitangaza mwaka 2005 kwamba linahamia hapo. Yaeleweka: palipokuwa na kiwanda pana umeme mwingi, na mitambo ya data hula umeme usiku na mchana.

Ua, kamera na walinzi humzuia mtu wa nje asiingie. Lakini je, yule ambaye habari zake ziko ndani?

Mwaka 2013 Edward Snowden alifichua kuwa NSA ilikusanya rekodi za simu za mamilioni ya Wamarekani. Mwaka 2014 ikajulikana kwamba viongozi wa Kiislamu walifuatiliwa barua pepe zao, akiwemo Nihad Awad wa CAIR, ambaye hakushtakiwa kwa kosa lolote. Mwaka huo huo, nyaraka zake zikaitaja Kenya: rekodi za simu zetu nazo zilizolewa.

Kifungu cha 31 cha Katiba yetu chalinda faragha ya mawasiliano. Basi kituo cha data kikiletwa hapa, jamani, tusiulize tu ajira ni ngapi. Tuulize: nani ana ufunguo? Anaingia kwa amri ya mahakama gani? Asiye na kosa akifuatiliwa, atajuaje, na atalalamika wapi?

Maswali haya tuyapeleke kwenye vikao vya maoni ya wananchi kabla jiwe la msingi halijawekwa, si baadaye.