Klorini Isubiri Mchanga

Karibu kila muswada ulionifikia kwa toleo hili unatumia nusu ya kurasa zake kubishania jambo moja: je, bakteria hufaidi nini wanapoioksidisha manganizi? Swali ni halali. Mwaka 2020 Hang Yu na Jared Leadbetter walionyesha kwamba wapo wanaoishi kwa nishati ya uoksidishaji huo. Lakini spora za bakteria wa Bacillus zilizolala hazili wala hazizaliani, na bado kimeng'enya cha MnxG, chenye shaba, kilichoko juu ya ganda lake huinyang'anya manganizi elektroni ya kwanza, kisha ya pili, hadi ikaganda kuwa madini meusi. Kazi inafanyika hata pale faida isipoonekana, na ni kazi hiyo ninayoitaka ijadiliwe.

Kazi hiyo inawagusa wakazi wa mitaa ya magharibi mwa Nairobi, kuanzia Satellite hadi Uthiru, wanaotegemea visima virefu. Maji yenye manganizi hupanda kutoka chini yakiwa meupe kabisa. Weusi hujitokeza baadaye, tangini na kwenye nguo. Chuma kilichoyeyuka majini hushikwa na hewa upesi. Manganizi, katika maji yasiyo makali wala ya magadi, hewa tupu haiiwezi. Inayoiweza ni bakteria, pamoja na ile oksidi wanayoiacha juu ya mchanga wa chujio, kwani nayo huvuta manganizi zaidi.

Kwa hiyo ninapinga waziwazi desturi ya kumwaga klorini kabla ya chujio. Inawaua wafanyakazi hawa, yaani bakteria, kisha inaioksidisha manganizi polepole mno, nayo manganizi hutuama ndani ya mabomba. Klorini ni ya lazima dhidi ya vijidudu vya kinyesi, ila iwekwe baada ya mchanga. Na mchanga mweusi usitupwe kwa kudhaniwa mchafu. Mpya huchukua wiki nyingi kukomaa. Kikomo chetu cha manganizi cha Afrika Mashariki ni miligramu 0.1 kwa lita. Shirika la Afya Duniani limeshuka hadi 0.08 kwa ajili ya watoto wachanga wanaonyweshwa maziwa ya kopo. Hao hawangoji tumalize ubishi wetu.

 

Kwa toleo lijalo nitapokea vipimo vya chujio la mchanga kutoka kisima chochote cha Dagoretti, huko magharibi mwa Nairobi, hata kama lilishindwa. Mwandishi ataje umri wa mchanga, na mahali klorini ilipoingizwa.