Mbele ya kununua lekta ya "Full HD", tuangalie kwanza disiki tuko nazo nyumbani

Maneno yameandikwa ku karto kwa herufi kubwa: FULL HD, 1080p, HDMI. Baba wa nyumba anaangalia bei, anaona ni dola chache tu kupita lekta ya kawaida, anapatana na muuzishaji, anarudi nyumbani na furaha. Mangaribi watoto wanakaa ku mukeka, disiki inaingia, filme inaanza. Picha ni ileile ya jana.

Tunaandika juu ya jambo hili kwa sababu tunaona ginsi feza za jamaa zinaenda mu vitu vya namna hii, zaidi sana mu miezi ya sikukuu. Kuko nyumba ambamo televizyo na lekta pamoja ni sawa na minerval ya mutoto kwa mwaka muzima. Mutu anayetoa feza hizo anastahili kujua ananunua nini. Na kwa maoni yetu, kosa linaanza mbele ya kufika ku duka: tunachagua mashine kwanza, kisha tunatafuta filme za kuweka ndani. Ingefaa tuanze na filme zenyewe.

Tuelewane juu ya maneno. Disiki ya DVD, ile tunajua tangu zamani, inabeba giga 4,7, ao 8,5 kama ina tabaka mbili. Picha yake ina vidoti 720 kwa upana na 576 kwa urefu. Disiki ya Blu-ray, ambayo ilianza kuuzishwa mu mwaka wa 2006, inabeba giga 25 ku tabaka moja na 50 ku tabaka mbili, na picha yake ina vidoti 1920 kwa 1080. Piga hesabu: ni mara tano zaidi. Siri iko mu mwangaza unaosoma disiki. DVD inasomwa na mwangaza mwekundu. Blu-ray inasomwa na mwangaza wa rangi ya buluu, wenye mawimbi mafupi kupita, na kwa sababu hiyo alama za ku disiki zinaweza kuandikwa ndogo sana na karibu-karibu. Mashine isiyokuwa na mwangaza huo haitasoma Blu-ray hata kama karto imeandikwa nini.

Sasa ile karto ya mwanzo haikudanganya kabisa, na hapo ndipo ujanja unajificha. Lekta ya DVD yenye HDMI inaweza kuchukua picha ndogo ya DVD na kuinyoosha mupaka ijaze ekra ya 1080. Ndiyo maana wanaandika "1080p". Lakini kunyoosha hakuongeze kitu ambacho hakikukuwa. Chukua foto ya karte d'électeur, uiombe ku studio waifanye kubwa sawa ukuta: utapata uso mukubwa, lakini nywele hazitaonekana moja kwa moja kwa sababu hazikuwa mu foto tangu mwanzo. Faida kidogo iko, juu kable ya HDMI inapitisha picha safi kupita ule uzi wa manjano. Ni hiyo tu. Kama muuzishaji anaita hiyo Blu-ray, anakosea, ao anajua vizuri anachofanya.

Namna ya kutambua ni rahisi. Lekta ya kweli ina alama ya Blu-ray ku mashine yenyewe, mbele, karibu na mulango wa disiki, siyo ku karto peke yake. Na angalia maneno vizuri. Kulikuwa zamani aina ingine iliyoitwa HD DVD, ya kampuni Toshiba, ambayo ilishindana na Blu-ray ya Sony na wenzake. Toshiba iliacha mu Februari 2008. Mashine hizo hazisomi Blu-ray hata kidogo, na hakuna mutu anayetengeneza disiki zake tena. Ukiona moja mu bilokoloko vya okazyo vinavyotoka Ulaya, alama "HD DVD" ikingaa vizuri mbele, ujue kwamba unauzishiwa lekta ya DVD ya kawaida kwa bei ya kitu kingine.

Turudie disiki. Fungua kabati ya nyumba nyingi za kwetu, utakuta nini? Disiki za barabarani, zile za "filme 20 ndani ya moja". Filme 20 zimefinywa mu giga nne na kitu; kila moja inapata karibu mega mia mbili. Hapo hata picha ya DVD haiko tena. Lekta ya dola mia mbili itaonyesha tu vizuri zaidi ginsi filme ilifinywa: vidoti vya mraba, uso wa mutu kama matofali. Tena lekta ndogo za Uchina, zile za bei ya chini, mara mingi ndizo zinasoma disiki hizo bila kuchagua, hata kama zimekwaruzwa. Lekta ya Blu-ray ya kampuni kubwa inaweza kukataa.

Na kuko jambo ambalo wauzishaji karibu hawasemi. Tangu Februari 2012, kila aina mupya ya lekta ya Blu-ray inapashwa kuwa na mufumo unaoitwa Cinavia. Unasikiliza sauti ya filme na kutafuta alama iliyofichwa ndani. Kama filme yenye alama hiyo ni kopi, picha inaendelea lakini sauti inakatika kisha dakika fulani, na maandishi yanatokea ku ekra. Watu wanapeleka mashine kwa fundi, fundi anaifungua, anabadilisha hiki na kile, analipwa, na sauti inaendelea kukatika. Mashine haikufa. Inafanya vile ilitengenezwa kufanya. Hatuko hapa kutetea kopi. Wenye kutengeneza filme, na wa kwetu wako kati yao, wanakula kupitia kazi yao. Lakini mutu ambaye kabati yake imejaa kopi asitoe feza zake juu ya mashine ambayo itazikataa.

Kwa hiyo Blu-ray ni ya nani mu inchi yetu? Ni ya yule ambaye ana disiki za kweli, ao ana njia ya kuzipata. Mara mingi njia hiyo ni ndugu aliye ngambo. Na hapa tunaomba ndugu zetu wa Bruxelles, Paris, Montréal na fasi zingine wasikilize pia, kwa sababu zawadi yao inaweza kuwa muzigo. Disiki zinagawanywa kwa kanda. Kwa DVD, Kongo iko mu kanda ya 5 pamoja na sehemu kubwa ya Afrika, lakini Ulaya ya mangaribi iko mu kanda ya 2. Ni vile DVD ya dukani kutoka Ubelgiji inaweza kukataliwa na lekta iliyofungwa ku kanda yetu. Kwa Blu-ray mambo ni mazuri: Afrika na Ulaya ziko pamoja mu kanda B. Disiki ya yaya aliye Liège itasomwa Bukavu bila shida. Ile ya dada aliye Canada ao Marekani ni ya kanda A, na kama imefungwa, haitasomwa. Disiki za 4K, zile zilifika mu 2016, hazina kanda, lakini zinaomba lekta yake ya pekee na televizyo yake ya pekee.

Ndugu wa Canada atasema: basi nitume na lekta pia. Asitume mbele ya kugeuza mashine na kusoma mugongo wake. Kule umeme ni volti 120. Kwetu ni 220. Kama kumeandikwa "100-240V", sawa. Kama kumeandikwa 120V peke yake, siku ya kwanza itakayochomekwa itakuwa pia siku ya mwisho, isipokuwa mutu anunue transfo, na hapo hesabu ya zawadi inaanza kubadilika.

Kuhusu umeme wenyewe, tuseme kweli: lekta siyo adui. Inakula wati kumi, ishirini hivi, kidogo kupita televizyo, na batri ya ku pano ya jua inaweza kuibeba vizuri. Adui ni ule umeme unaoenda na kurudi kwa nguvu. Kila mukaaji wa kwetu anajua ile saa ya mangaribi ambapo watoto wanapiga kelele kwamba umerudi, na balbu inapasuka. Stabilizateri nzuri inaombwa mbele ya lekta nzuri. Kama feza haitoshi kwa vyote viwili, nunua stabilizateri na lekta ya DVD. Tunajua si shauri linalopendeza vijana wa nyumba.

Kisha kuko televizyo. Televizyo mingi za puse 32 zinazouzishwa ku masoko yetu zina vidoti 1366 kwa 768, hata kama kumeandikwa HD. Zinaonyesha Blu-ray vizuri kupita DVD, ndiyo, lakini mutu aliyekaa mita tatu mbali, na mutoto amesimama katikati, hataona tofauti kubwa ya kulipia. Tofauti inaanza kuonekana ku ekra ya puse 40 kuendelea, yenye 1920 kwa 1080 ya kweli. Na wale ambao wangali na televizyo ya zamani, ile ya mugongo munene, wasisumbuke: lekta za Blu-ray za kisha mwaka wa 2013 hazitoi tena picha ya filme hizo ku tundu la manjano. Kuna HDMI tu. Mutu atafika nyumbani na mashine isiyokuwa na fasi ya kuingia.

Wengine wanatuuliza: mu siku hizi za intaneti, disiki ni ya nini tena? Ni ulizo zuri, na jibu liko ku simu ya kila mumoja. Filme moja ya Blu-ray inaweza kufika giga 30 ao 40. Hesabu ni mega ngapi, na ni feza ngapi, kisha uhesabu usiku ngapi rezo imekubali kusimama. Watengenezaji wenyewe wanapunguza: Oppo iliacha lekta hizi mu 2018, Samsung ilitangaza mu 2019 kwamba haitoi mupya tena ku Marekani. Wao wanafikiri juu ya inchi ambako intaneti haikatike. Sisi hatuko huko bado, na disiki iliyolipwa mara moja inaangaliwa mara mia bila kuomba mega.

Tena disiki haifutwi kutoka mbali. Tukumbuke mu 2015, wakati serkali ilikataza kuonyesha mu inchi filme ya Thierry Michel juu ya daktari Mukwege wa Panzi, "L'homme qui répare les femmes", mbele ya kuiruhusu kisha wiki chache. Kwa sinema, katazo lilitosha. Kwa filme iliyo mu kabati ya mutu, mambo ni mengine. Na mu kabati hiyohiyo kuko disiki ambazo hazina bei: arusi ya mutoto, siku ya mahari, matanga ya babu. Zile zilichomwa ku DVD miaka kumi na tano iliyopita zimeanza kuchoka, kwa maana rangi iliyo ndani ya disiki za kuchoma inaharibika na joto na jua. Nyumba nyingi zinahitaji lekta juu ya hizo kupita filme za Hollywood. Lekta yoyote yenye kuzisoma ni nzuri. Kopi yake ku flashi ifanywe wiki hii, si mwaka ujao.

Kuko njia moja ambayo vijana wanaijua kuliko sisi. PlayStation 3 na PlayStation 4, zile za sale za mchezo, zinasoma Blu-ray. PS2 haisomi. Mutu mwenye PS3 nyumbani ana lekta tayari, hata kama inakula umeme mara kadhaa kupita lekta ya kawaida na inapiga kelele kama feni. Anunue tu kable ya HDMI.

Kwa wengine wote, maoni yetu ni haya: mwenye disiki za kweli za Blu-ray, na ekra ya kutosha, na stabilizateri, achukue lekta ya Blu-ray ya kanda B na asiogope bei. Asiyekuwa nazo achukue lekta ya DVD yenye HDMI na tundu la flashi, na feza itakayobaki arudishe nyumbani. Lekta ya 4K tuiachilie wenye kuitaka kwa sifa.

Ofisi ya OCC ina kazi ya kuchunguza vitu vinavyoingia mu inchi. Kusoma maandishi ya ku karto na kuyalinganisha na mashine iliyo ndani si kazi inayoomba laboratware kubwa. Inaomba disiki moja na dakika tano. Wauzishaji nao wanaweza kuifanya bila kungojea mutu: televizyo iwe imewashwa mu duka, disiki ya kweli ya Blu-ray iwe ku meza, na mununuzi aone mbele ya kulipa. Na ku risiti kuandikwe jina kamili la mashine, siyo "lekta HD" tu, ili yule atakayerudi kesho awe na karatasi ya kuonyesha.