Jalada la kazi za shule na watoto wanaorejea kutoka Jeddah

Mtaa wa Kandara mjini Jeddah, ulikokuwa uwanja wa ndege wa mji huo hadi 1981, umezoea watu walio njiani. Katika miaka ya 2000 na mwanzoni mwa muongo uliofuata, chini ya daraja la mtaa huo walilala wahamiaji waliosubiri kurejeshwa makwao, wakiwemo Waindonesia wengi. Novemba 2013, muda wa msamaha ulipokwisha, Saudi Arabia ilianza msako wa wafanyakazi wasio na vibali, na Waethiopia zaidi ya laki moja wakarudishwa kwao katika muda wa miezi michache. Msako mwingine ulifuata 2017.

Katika habari za safari hizo mengi husemwa kuhusu mishahara isiyolipwa na pasipoti zilizozuiliwa. Daftari za watoto hazitajwi. Hata hivyo, kwa familia za Afrika Mashariki zinazoishi Jeddah na Riyadh, suala la ushahidi wa masomo limekuwa zito zaidi tangu mitaala ya nyumbani ibadilike.

Nchini Kenya, mtihani mmoja wa mwisho haumpimi tena mtoto peke yake. Tathmini ya kitaifa ya Gredi ya 6 ilipoanza 2022, karatasi ya mwisho ilipewa asilimia 40, na asilimia 60 zikatokana na kazi za shuleni tangu Gredi ya 4. Matokeo hayo nayo yana asilimia 20 katika tathmini ya Gredi ya 9, iliyofanywa kwa mara ya kwanza 2025, ambayo humpeleka mwanafunzi sekondari ya juu. Uganda nayo, tangu watahiniwa wa kidato cha nne wa mtaala mpya wafanye mtihani 2024, imetenga asilimia 20 kwa kazi za darasani.

Basi mtoto anayerejea Mombasa akiwa na miaka 11, baada ya kusoma mtaala wa Saudi Arabia, hana alama ambazo wenzake wamezikusanya kwa miaka miwili. Wa mama asiye na kibali huenda hana hata cheti cha shule, kwa kuwa uandikishaji hufungamana na karatasi za ukaazi. Hapa ndipo jalada la kazi za mwanafunzi, linaloitwa potifolio, linapokuwa na thamani. Halitageuka kuwa alama za Baraza la Mitihani. Lakini linaweza kumwonyesha mwalimu mkuu mahali pa kumwanzisha mtoto huyo, badala ya kumrudisha nyuma madarasa mawili kwa kubahatisha.

Swali ni jalada la namna gani. Wazazi wengi nchini Kenya wamelijua jalada kama mzigo: picha za kuchapisha, kadibodi za kununua, kazi za mikono zinazomalizwa na baba usiku wa manane. Septemba 2021 manung'uniko ya wazazi yalifika Mahakama Kuu jijini Nairobi, katika kesi ya kupinga mtaala wenyewe. Jalada la aina hiyo humweleza mwalimu juu ya mfuko wa mzazi tu.

Lenye manufaa ni jembamba. Kazi nne au tano kwa muhula zinatosha, kila moja ikiwa na tarehe, na mwenye kuzichagua awe mtoto mwenyewe. Mtu mzima anauliza tu: ipi ilikuwa ngumu kuliko zote? Ulianza vipi, ukakwama wapi? Ungepewa tena, ungebadilisha nini? Kazi iliyoharibika ikiwekwa pamoja na ile iliyosahihishwa, husema mengi kuliko ukurasa safi wenye alama kumi juu ya kumi. Watoto wanapenda kuchagua kurasa zenye rangi nzuri, na si vibaya ukurasa mmoja wa namna hiyo uwemo.

Lugha nayo ina uzito wake. Mtoto wa Jeddah aliyefundishwa hesabu kwa Kiarabu anaweza kuieleza kwa Kiswahili cha nyumbani, na mama akayaandika maneno yake kama alivyoyasema, bila kuyapamba. Maelezo hayo ndiyo atakayoweza kuyasoma mwalimu wa Kisauni au Kawangware asiyejua Kiarabu.

Kuna sababu ya kutotaka majalada haya yageuzwe mashindano ya alama. Jimbo la Vermont, Marekani, lililifanya jalada kuwa kipimo cha jimbo zima mwanzoni mwa miaka ya 1990. Watafiti wa RAND walikuta wasahihishaji wawili hawakubaliani vya kutosha juu ya jalada lile lile, ingawa walimu walisema ufundishaji wao ulikuwa umebadilika kwa wema. Kentucky nayo, baada ya miaka mingi, iliyaondoa majalada ya uandishi katika hesabu ya kupima shule mnamo 2009.

Kwa familia ya Kandara kuna jambo jingine la kufanya mapema. Anayekamatwa katika msako hapewi nafasi ya kufungasha daftari. Kurasa zipigwe picha kwa simu kila mwisho wa muhula, pamoja na maelezo ya mtoto, na picha zitumwe kwa bibi au shangazi aliye nyumbani, ambaye ndiye huenda akaandamana na mtoto kwenda kutafuta shule.