Mkono Mfupi wa Gia: Faida Iko Wapi?

Miongoni mwa wenye magari ya gia za mkono wako wanaoshawishika kuung'oa mkono wa gia uliokuja na gari na kuweka mwingine wenye mwendo mfupi, yaani unaosogezwa kidogo tu gia ikaingia. Hudaiwa kwamba gari huwa jepesi na lenye kasi zaidi. Dai hilo lastahili kupimwa kwa fizikia ya sekondari kabla fedha hazijatoka mfukoni.

Mkono wa gia ni wenzo. Egemeo lake liko karibu na sakafu ya gari. Sehemu ya juu hushikwa na dereva, na ncha ya chini, iliyofichika, husukuma vyuma vinavyochagua gia. Ichukuliwe kwamba sehemu ya juu ina urefu wa sentimita 25 na ya chini sentimita 5. Ili ncha ya chini isogee sentimita 1, kiganja cha dereva hakina budi kusogea sentimita 5. Na ikiwa vyuma vile vyahitaji kani ya niutoni 200, dereva atasukuma kwa niutoni 40 tu. Sasa egemeo lipandishwe sentimita 1. Uwiano wa 5 kwa 1 unakuwa 4 kwa 1: kiganja kitasogea sentimita 4, lakini kwa kani ya niutoni 50. Msuguano ukiachwa kando, kazi ni ile ile, jouli 2.

Liko jambo jingine lisilotajwa na wauzaji. Tangu mwaka 1928, magari ya Cadillac yalipoanza kutumia utaratibu huo, giaboksi zimekuwa na bangili zenye umbo la pia, nyingi za shaba, ambazo kwa msuguano hulinganisha mizunguko ya gia kabla hazijashikana. Kazi hiyo huhitaji muda, na muda huo hutegemea kani inayozifikia bangili. Dereva akisukuma kwa niutoni 40 zile zile alizozizoea, bangili zitapata 160 badala ya 200, na gia itachelewa zaidi. Akikasirika na kusukuma kwa nguvu, giaboksi ndiyo itakayolipa. Kwa mshindani wa Safari Rally hesabu ni nyingine. Lakini dereva wa daladala hushindana na foleni.

Aghalabu mkono unaolaumiwa hauna kosa. Kilicholika ni bushi za plastiki au mpira kwenye egemeo na maungio, hata mkono ukawa unayumba kama mwiko chunguni. Pengine klachi haiachii vizuri, au oili imechakaa, au si ya aina iliyoagizwa na mtengenezaji. Ziko oili ambazo viungo vyake vya salfa huila shaba. Mwenye gari akiweka mkono mpya juu ya kasoro hizo, atakuwa amenunua kifaa cha pili bila kuutibu ugonjwa wa kwanza.

Uchunguzi wa awali hauhitaji fundi. Gari lisimame mahali tambarare, breki ya mkono ikiwa imevutwa na injini imezimwa, kisha gia ya tatu iingizwe na mkono utikiswe taratibu kulia na kushoto. Ukicheza sana ilhali gia imeshika, bushi zianze kushukiwa. Mwalimu wa fizikia aweza kuwapeleka wanafunzi wake kwenye gereji ya jirani na rula moja, wapime sehemu zote mbili za mkono uliofunguliwa na kukokotoa uwiano wake.