KABLA HUJAMUITA NG'OMBE TASA, FUNGUA DAFTARI

Mi nina duka la pumba, mashudu na chumvi ya mifugo hapa Tukuyu. Kila mara nasikia: "Ng'ombe wangu hashiki mimba, ni tasa huyu, namuuza buchani." Maoni yangu ni kwamba wengi wanauza mtaji kwa kukosa hesabu tu.

Hesabu yenyewe hii hapa. Mwaka una siku 365. Mimba ya ng'ombe inachukua siku kama 283, zinabaki 82. Akishazaa anahitaji kupumzika siku kama 60 kabla ya kupandishwa. Kwa hiyo ukitaka ndama kila mwaka una siku 22 tu, na joto linarudi kila baada ya siku 21 hivi. Hiyo ni nafasi moja, ukibahatika mbili. Joto moja likikupita, umelisha wiki tatu za bure.

Na joto halikai, ni masaa 12 hadi 18 hivi. Wengi huku wanafuga ng'ombe mmoja bandani, hana mwenzake wa kumpanda. Sasa angalia haya: analia sana, hatulii, maziwa yanashuka ghafla, anatoa ute mwangavu unaoning'inia kama uzi. Ukiona asubuhi, mtaalamu wa uhimilishaji aje jioni. Ukiona jioni, aje kesho yake asubuhi. Hata kama mbegu imetoka kituo cha taifa pale Usa River, Arusha, ikichelewa ni hela imemwagika.

Akipandishwa mara tatu bila kushika, muite daktari wa mifugo ampime kizazi kabla hujamuita mwenye bucha. Akitupa mimba, usishike kwa mikono mitupu, na maziwa chemsha. Brusela inaambukiza watu.

Najua mtasema natafuta wateja wa pumba. Ni kweli, ng'ombe akichinjwa nami napoteza mteja. Ila mteja mwenye tarehe zake ndio namkopesha bila wasiwasi, maana najua maziwa yanakuja lini.

Daftari la madeni unalo tayari. Ongeza ukurasa mmoja tu: tarehe ya kuzaa, tarehe ya joto, tarehe ya mbegu. Anza leo jioni ukienda kukamua.