Daftari la Wiki: Kizulia Kisichohama

Sakafu ya zamani na ya sasa

Kizulia kinapoteleza, mambo huamuliwa na vitu viwili: mgongo wake na sakafu kilipotandikwa. Katika nyumba za Bukoba na Muleba, kilichobadilika zaidi kati ya hivyo viwili ni sakafu. Ndani ya mushonge, nyumba ya mviringo ya Wahaya iliyoezekwa nyasi hadi karibu na ardhi, chini palikuwa udongo ulioshindiliwa. Juu yake zilitandazwa nyasi laini zilizofyekwa rweya, yaani nyika ya wazi iliyo nje ya vibanja vya migomba. Zilitandazwa nene, wenyeji na wageni wakaketi juu yake, na zikichakaa ziliondolewa zikaletwa nyingine. Mkeka uliotandikwa hapo ulishikwa na nyasi, na pasipo nyasi ulishikwa na vinundu vya udongo.

Fedha ya kahawa ilileta bati na saruji. Udongo ukapisha saruji iliyopigwa niru, mara nyingi yenye rangi nyekundu na kusuguliwa polishi mpaka ing'ae. Siku hizi nyumba nyingi mpya zinawekwa marumaru. Kila hatua ilileta sakafu rahisi kudeki, isiyowapa funza na viroboto pa kujificha, lakini laini kuliko iliyotangulia. Mkeka wa ukindu, uliozoea kukaa juu ya udongo, sasa unatandikwa juu ya marumaru, jirani na kizulia cha manyoya ambacho mgongo wake ni nyuzi za plastiki tupu.

Mguu unapotua

Mtu anayetembea huisukuma sakafu kwenda mbele kisigino kinapotua, na kwenda nyuma vidole vinapoinuka. Kwa mwendo wa kawaida, msukumo huo hufika takriban moja ya tano ya uzito wake. Mtu wa kilo 60, basi, hukisukuma kizulia kwa nguvu inayolingana na uzito wa kilo 12 hivi. Msuguano wa kizulia na sakafu ukihimili nguvu hiyo, kizulia hutulia. Usipohimili, huondoka pamoja na mguu. Anayekimbia, anayekata kona au anayesimama ghafla huhitaji msuguano mkubwa zaidi. Ndiyo maana kiwango cha Marekani cha marumaru za ndani zinazotarajiwa kukanyagwa zikiwa na maji kinataka kipimo cha msuguano kisichopungua 0.42, karibu mara mbili ya mahitaji ya mwendo wa kawaida.

Zipo namna mbili za kuteleza. Ya kwanza ni ya ghafla, na ndiyo inayomwangusha mtu papo hapo. Ya pili ni kuhama kidogo kidogo: kizulia cha kando ya kochi hukanyagwa zaidi na watu waelekeao upande mmoja, na baada ya siku chache kimesogea, kimejikunja katikati na kuacha tuta. Tuta hilo humkwaza mtu kabla kizulia hakijateleza.

Udogo nao una madhara yake. Zulia kubwa hukanyagwa sehemu moja huku sehemu nyingine zikilaliwa na makochi na meza. Kizulia hukanyagwa chote kwa mguu mmoja, na hakuna kinachokizuia isipokuwa mgongo wake.

Maji, vumbi, polishi na mafuta

Bukoba ni miongoni mwa sehemu zenye mvua nyingi Tanzania: karibu milimita 2,000 kwa mwaka, na kilele chake ni Aprili. Mvua hupungua kadiri mtu anavyoliacha ziwa na kwenda magharibi. Usiku, upepo wa nchi kavu kutoka pande zote za Ziwa Victoria hukutana juu ya maji, mawingu hukua, kisha pepo za mashariki huyasukuma hadi mwambao wa magharibi. Kwa hiyo mvua nyingi za Bukoba hunyesha usiku na asubuhi, saa ambazo watu wanatoka na kuingia na ndala zilizolowa. Maji yakijipenyeza kati ya kizulia na marumaru, hutengeneza utando unaozuia vitu hivyo viwili kugusana, na msuguano hushuka.

Kiangazi kina adui wake. Vumbi la barabara za udongo huingia na viatu, hupenya kwenye kizulia na kutua chini yake, na chembe zake hubiringika kama gololi. Kizulia chenye mgongo wa mpira hupoteza kushika kwa sababu mpira umefunikwa na vumbi, hata kama wenyewe bado ni mzima.

Polishi ni tatizo la sakafu ya niru. Nta yake huhamia kwenye mgongo wa kizulia, na baada ya muda nyuso mbili zenye nta hukutana. Sabuni iliyobaki baada ya kudeki bila kusuuza huleta matokeo yale yale. Jikoni huongezeka mafuta, hasa msimu wa senene, Novemba na Desemba: senene hukaangwa kwa mafuta yao wenyewe, na matone yanayoruka hutua pale pale mpishi anapokanyaga.

Kazi ya kwanza: dekio

Hakuna gundi wala mpira unaoshika juu ya uchafu. Kizulia huondolewa, sakafu hufagiwa, hudekiwa kwa maji yenye sabuni kidogo, husuuzwa kwa maji matupu, kisha huachwa ikauke kabisa. Mahali kizulia kitakapokaa hapasuguliwi polishi. Polishi huishia pembezoni. Kizulia nacho hukung'utwa nje na mgongo wake hufutwa kwa kitambaa chenye unyevu. Wakati wa masika, sakafu ya saruji huchelewa kukauka, na kizulia kikirudishwa mapema hufungia unyevu chini yake, kikaota ukungu na kunuka.

Baada ya hapo hufuata jaribio rahisi. Mtu husimama kando akiwa ameshika ukuta au kochi, kisha hukisukuma kizulia kwa mguu, mbele na pembeni. Kikisogea, kinahitaji dawa.

Dawa na sakafu yake

Wavu wa mpira ndio unaofaa sakafu nyingi. Hukatwa mdogo kuliko kizulia kwa sentimita 2 hadi 3 kila upande, ili kingo zilale chini na wavu usionekane. Hushika pande zote mbili, kizulia juu na sakafu chini, na huacha hewa ipite.

Pasipo wavu, tyubu kuukuu ya baiskeli au pikipiki hufanya kazi nzuri, nayo hupatikana kwa fundi baiskeli yeyote. Hupasuliwa kwa urefu, huoshwa kwa sabuni kuondoa unga wa ndani, hukatwa vipande vyenye upana wa vidole viwili au vitatu, na hushonwa kwa uzi wa nailoni kwenye pembe nne na katikati ya kila upande. Fundi viatu huimaliza kazi hiyo haraka. Nyumbani hutosha sindano ya gunia. Kasoro yake ni rangi: mpira mweusi ukikaa muda mrefu huacha doa la kahawia juu ya kapeti la plastiki na marumaru nyeupe, na doa hilo kwa kawaida halitoki. Kwenye saruji nyekundu si tatizo.

Silikoni ya bomba, ile wanayotumia mafundi wa madirisha ya aluminiamu, hufaa kizulia chenye mgongo mkavu wa nyuzi. Kizulia hugeuzwa, hupigwa mistari myembamba iliyoachana sentimita 10 hadi 15, hubapishwa kidogo kwa kibao, na huachwa siku nzima kabla ya kugeuzwa tena. Kikigeuzwa mapema, hugandana na sakafu.

Selotepu ya pande mbili hushika vizuri kwenye marumaru kavu. Kwenye niru yenye polishi hubanduka upesi, na kwenye saruji iliyopakwa rangi hung'oa rangi pamoja nayo. Vumbi likiingia kingoni, kazi yake imekwisha. Hubadilishwa, haibandikwi upya.

Gunia la kahawa ambalo wengi hulitandika chini ya kizulia hufaa nusu. Ukwaru wake hukishika kizulia kilicho juu, na kwenye saruji ambayo haikupigwa niru hushika chini pia. Juu ya marumaru, gunia na kizulia huteleza pamoja.

Njia isiyo na gharama ni uzito. Miguu ya mbele ya kochi ikikaa juu ya zulia sentimita 15 au zaidi, upande huo hauhami. Hii hufaa sebuleni na kando ya kitanda, si mlangoni wala jikoni.

Mkeka

Mkeka wa ukindu au wa mafunjo hauna mgongo wa mpira, na majani yake yakishalainika kwa kukaliwa huteleza kwa wepesi juu ya niru. Kuuwekea silikoni ni kuuharibu, kwa kuwa hauwezi tena kukunjwa. Vipande vya tyubu hushonwa kwenye ukingo tu, kwa uzi uleule unaoshona ukili. Lakini desturi ya mkeka yenyewe ina kinga: hutandikwa watu wanapotaka kukaa, na wakiinuka huviringishwa na kusimamishwa ukutani. Hatari huanza mkeka unapogeuzwa kuwa zulia la kudumu katikati ya njia.

Kingo na pembe

Pembe zilizojikunja hunyooshwa kwa kuviringisha kizulia kinyume, kisha kukilaza kifudifudi chini ya uzito kwa usiku mmoja. Pasi ya moto juu ya kitambaa chenye unyevu husaidia pamba na sufu, lakini huyeyusha plastiki na huharibu mpira. Unene nao ni kikwazo, hasa kwa anayeburuta miguu au anayetumia mkongojo. Kanuni za Marekani za majengo yanayofikika na walemavu zinataka manyoya ya zulia yasizidi milimita 13. Vizulia vingi vya manyoya marefu hupita hapo kwa mbali.

Kununua, kufua na kuanika

Vizulia vya mitumba hukaguliwa mgongo kabla ya rangi. Mgongo hukunjwa na kusuguliwa kwa kidole gumba: mpira mzima hunyumbulika na kugandia kidole, uliozeeka hupasuka au huacha unga. Unga huo ukifika sakafuni hufanya kazi ya vumbi, na kizulia kilichonunuliwa kwa sababu ya mpira wake huteleza kuliko kisicho nao.

Kinachouzeesha mpira ni joto, jua kali, mafuta na dawa za kung'arisha zenye klorini. Kizulia chenye mgongo wa mpira hufuliwa kwa maji baridi au ya uvuguvugu na huanikwa kivulini. Kikianikwa juani, mgongo hutazama chini.

Mahali pasipofaa kizulia

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu 684,000 hufa kila mwaka kwa kuanguka, na walio wengi ni wenye umri wa zaidi ya miaka 60. Jambo hilo lina uzito wake wilayani Muleba, ambako bibi wengi wanalea wajukuu. Katika nyumba kama hizo, mzee akivunjika nyonga watoto nao wanakosa mlezi.

Kwa hiyo kizulia hakiwekwi juu ya ngazi, wala kwenye njia ambayo mzee hupita gizani kwenda msalani. Bafuni hukaa kile chenye mpira tu, na huinuliwa kikauke kila baada ya kuoga. Mlangoni hufaa viwili: kikavu, kigumu, nje ya kizingiti, cha kufutia tope, na cha ndani kilichoshikizwa, cha kumalizia maji. Rangi yake itofautiane na ya sakafu ili ukingo uonekane na mwenye macho hafifu. Jaribio la mguu hurudiwa kila baada ya kufua, na kizulia kinachosogea hata baada ya kusafishwa na kuwekewa mpira huondolewa, sakafu ikabaki tupu na kavu.